Kudai mia mbili yangu imekuwa kosa? Yule keshia wa pale kona leo kanivua nguo mbele ya foleni nzima

Bati Kwanza (mleta uzi):

Wakuu, salamu baadaye. Nimetoka pale sasa hivi, mkono bado unatetemeka, naandika nimesimama kibarazani hata viatu sijavua.

Sitaji duka, sitaji jina. Mnamjua. Njia hii ya kwetu nani hamjui? Yule mwenye kalamu kwenye nywele, simu kaibana na bega, hana chenji tangu dunia iumbwe. Nuhu angepita pale na wanyama wake wawili wawili, safina ingeondoka imejaa pipi.

Leo nimenunua vitu vya kwenye karatasi tu. Jumla elfu saba na mia nane. Nikatoa elfu nane. Inabaki mia mbili, hesabu ya darasa la kwanza. Yeye hata hakuniangalia, akasukuma pipi nne. Nikamwambia kwa ustaarabu kabisa, "Dada, naomba mia mbili yangu, pipi sijaagiza." Hapo akapaza sauti, naamini hadi kituoni wamesikia: "Jamani! Baba mzima, shati umechomekea, unagombania mia mbili?"

Foleni ikaangua kicheko. Hilo ningelimeza. Lakini nyuma yangu kulikuwa na mtoto wa shule, shati jeupe, sketi ya bluu, begi mgongoni. Akanyoosha mkono: "Anko, shika hii mia mbili, tunachelewa."

MTOTO WA SHULE WAKUU. Na mia mbili ndiyo nauli yake! Sisi watu wazima LATRA, wale wasimamizi wa usafiri, walitupandishia Desemba 2023, wanafunzi wakaachwa palepale kwenye mia mbili. Kwa hiyo alichokuwa ananipa yule binti ni safari yake nzima ya kurudi kwao. Mtoto atembee kwa miguu jua hili la Dar kwa sababu mtu mmoja kashindwa kufungua droo.

Niwaeleze kwa nini inaniuma. Nina boma Chanika, kuta zimesimama msimu wa tatu huu zinanyeshewa. Mwezi uliopita mimi na mama watoto tukakaa chini tukakubaliana: hakuna kununua kitu ambacho hakipo kwenye karatasi mpaka bati zipande. Soda ya saa saba nimeacha. Chipsi za jioni nimeacha. Nikiwa kwenye foleni ya magari Ubungo naangalia mbele kama askari wa gwaride, maana ukigeuza shingo tu umeshanunua viango, korosho, chaja ya simu ambayo hata siyo ya simu yako. Jumamosi sipiti soko la Karume, nikisikia tu belo la mitumba limefunguliwa miguu inajiendea yenyewe. Kila chenji inaingia kwenye kibubu. KILA CHENJI. Sasa nitumbukize pipi kwenye kibubu? Fundi wa bati nimlipe za tangawizi?

Na nyumbani kwangu nani atazila? Mama ana sukari. Mdogo wangu wa mwisho meno yamebaki ya kuhesabia. Pale dukani napita mara mbili kwa siku. Mia mbili mara mbili mara siku thelathini ni elfu kumi na mbili kwa mwezi, laki moja na arobaini na nne kwa mwaka, zote nimenunua pipi bila kukusudia! Watu wanahangaika kuacha kununua vitu hovyo, mimi nauziwa hovyo kwa lazima, na nikikataa naitwa bahili.

Wiki iliyopita nilimrudishia pipi zake nane nichukue chumvi ndogo. Akasema "pipi siyo hela". Wakuu, ikitoka kwake ni hela, ikitoka kwangu siyo hela? Mia mbili ile ina Karume mbele na simba nyuma, kaitoa Benki Kuu. Pipi kaitoa nani?

"Anko, shika hii." Bado naisikia. Ile sauti haikuwa hata ya dharau, alikuwa ananionea HURUMA. Nimeshindwa kula. Nipeni mawazo kabla sijarudi pale.

Kondakta Mstaafu:
Uzi tayari, naweka kambi. Yule wa kalamu? Mimi kanipa kiberiti badala ya mia, nikamwambia mimi napikia gesi.

Binti wa Tandika:
Anko shika hii 😂😂😂😂 nimecheka hadi mwenye nyumba kagonga ukuta

Nazi Mbovu:
Mleta uzi umeruka sehemu muhimu. Mia mbili ya denti uliipokea au hukuipokea?

Bati Kwanza:
SIKUIPOKEA. Niliacha hadi zile pipi juu ya meza nikaondoka.

Nazi Mbovu:
Kwa hiyo mia mbili umekosa, pipi umekosa. Boma litaezekwa na hasira.

Mama Kijumbe:
Pole baba. Mimi nakuelewa kabisa. Kwenye mchezo wetu wa upatu wa elfu tano kwa siku kuna mama alileta elfu nne na mia nane, anasema mia mbili si hela. Nikamwambia kaa nayo siku ishirini na tano uone kama siyo elfu tano yako nyingine. Mia mbili haina dharau, wenye dharau ni watu.

Fundi Sofa:
Afadhali pipi. Kuna duka wanakupa jojo moja kwa mia mbili. Hesabu ya wapi hiyo?

Mzee wa Mfuko:
Nyie mnalia pipi, mimi kinachonimaliza ni MFUKO. Zamani ukinunua hata nyanya mbili unapewa rambo bure. Plastiki ikapigwa marufuku Juni 2019, sawa, mazingira, nimekubali. Ila tangu siku hiyo kila nikitoka dukani nimenunua mfuko ambao sikuutaka. Ndani kwangu kuna mifuko mpaka naiogopa.

Binti wa Tandika:
Beba kikapu mzee

Mzee wa Mfuko:
Natoka kazini na kikapu kwenye mwendokasi saa kumi na moja jioni? Umewahi kuupanda saa hizo? Mkono wenyewe unaushushia kituo kinachofuata.

Kondakta Mstaafu:
Mkuu, mwendokasi usiuguse, huo ufunguliwe uzi wake.

Shemeji wa Kimara:
Mimi mwenye duka (siyo lile). Semeni mtakavyo, ila chenji hizo mnatukimbizia wenyewe. Saa moja asubuhi mteja wa kwanza analeta msimbazi mzima, noti ya elfu kumi, ananunua kiberiti. Wa pili msimbazi, mkate. Mia mbili nitaitoa wapi, niichonge? Sarafu zote ziko kwenye daladala na kwenye vibubu vya akina mleta uzi.

Bati Kwanza:
Mimi nilitoa ELFU NANE kwa kitu cha elfu saba na mia nane! Na droo ilikuwa wazi, nimeziona sarafu kwa macho yangu! Na hata angekuwa hana, angesema "kaka samahani, pitia jioni". Sasa ananipazia sauti mbele ya mtoto wa shule?

Shemeji wa Kimara:
Kama droo ilikuwa wazi hapo kakosea. Sitetei hapo.

Nazi Mbovu:
Denti alirudi nyumbani na nini kama mia mbili uliipokea?

Bati Kwanza:
NIMESEMA SIKUIPOKEA

Mjukuu wa Bibi:
Tukiongelea vibubu, nina kidonda. Bibi yangu Mbagala alikuwa anaficha noti za mia tano kwenye foronya. Benki Kuu wakatangaza kubadilisha noti za zamani, Januari 6 hadi Aprili 5, 2025. Tukamuuliza bibi una noti za zamani? Akasema hana. Juni anakufa panya ndani ya mto, tunafungua: noti zimejaa. Bibi analia, panya kalala juu ya hela.

Mama Kijumbe:
Ooh maskini bibi. Ndiyo maana nasema ingieni kwenye michezo.

Fundi Sofa:
Michezo ipi, ile ambayo kijumbe anahamia Kigamboni zamu yako ikifika?

Mama Kijumbe:
Usinichafue kijana, mimi nipo Temeke miaka yote na mlango wangu unajulikana.

Bwana Kamati:
Wote hamjapatwa na kitu. Nina kadi nne za michango ya harusi hapa mezani. NNE. Singo elfu hamsini, dabo laki. Mmoja sijaonana naye tangu tumalize darasa la saba, kanitafuta hadi kanipata, nikadhani kuna msiba. Huyo naye nimwambie chukua pipi?

Binti wa Tandika:
Mtumie pipi nne umwandikie singo 😂😂

Kondakta Mstaafu:
Michango bora usijibu meseji. Mimi mwezi wa tatu niko "safarini".

Bwana Kamati:
Wameniweka kwenye kundi la simu bila kuniuliza. Nikitoka jina langu linaonekana. Kila asubuhi mweka hazina anaweka orodha, mimi niko namba kumi na saba, mbele ya jina kuna sifuri.

Mzee wa Mfuko:
Hiyo sifuri ni kama yule denti na mia mbili yake mkononi, haikuachi.

Bati Kwanza:
Jamani turudi kwenye mada. Kesho asubuhi lazima nipite pale, sukari imeisha, duka jingine ni mpaka nivuke barabara kubwa. Nikimkuta nimwambie nini?

Bwana Kamati:
Harusi yenyewe iko Tegeta, mimi naishi Gongo la Mboto. Usiku ule nitarudi na nini?

Kondakta Mstaafu:
Boda. Andaa hela ya boda, mkuu, na kamili kabisa. Nao hawana chenji.