Tamthilia za Shakespeare nazipachika wapi kwenye vipindi vya uandishi nyumbani?

MamaWawili: Wadau, habari zenu. Nafundisha wanangu mwenyewe nyumbani, mmoja ana miaka 14, mwingine 11. Uandishi una siku tatu kwa wiki. Nilipoingiza Macbeth, kusoma kulikula muda wote. Wiki nne nzima nikapata muhtasari wa kurasa mbili ambao hata mimi ulinichosha. Nifanyeje?

MsomajiWaUsiku: Pole dada. Usimalize mchezo mzima ndipo utafute cha kuandika. Chukua Julius Caesar, tendo la 3, onyesho la 2. Brutus anawaeleza Warumi kwa nini yeye na wenzake wamemuua Kaisari, wanamshangilia. Antony, rafiki wa Kaisari, anapanda jukwaani baada yake, na umati uleule unaondoka kwenda kuchoma nyumba za wauaji. Muulize mkubwa: hapo katikati kimetokea nini? Brutus anasema kwa nathari, hoja zimepangwa kama matofali. Antony anatumia ushairi, anarudia kwamba Brutus ni mtu wa heshima mpaka sifa inageuka tusi, anauonyesha wosia wa Kaisari halafu anajifanya hataki kuusoma (mjanja huyu!). Basi kijana aandike hotuba kutetea jambo lake kwa mtindo wa Brutus, na wiki inayofuata jambo lilelile kwa mtindo wa Antony.

Kalamu_Kavu: Napinga kidogo. Asiyejua kwamba Brutus alikuwa kipenzi cha Kaisari ataonaje uzito wa hotuba hiyo? Mhadithie kisa kwanza, jioni moja inatosha.

MsomajiWaUsiku: Hapo umenena.

BintiWaVitabu: Nyerere aliutafsiri mchezo huo, ukatoka 1963, akaurekebisha na kuutoa tena 1969. Mwanao atafsiri mistari kumi ya Antony kabla hajaiona ya Mwalimu, kisha aandike aya moja: wapi kazidiwa, na wapi anadhani yeye kapatia zaidi. Wangu alibishana na Nyerere siku mbili juu ya neno moja.

MamaWawili: Hahaa, huyo wangu mbishi ataipenda. Na wa miaka 11?

BintiWaVitabu: Huyo usimpe insha. Shakespeare ameacha maelekezo machache sana ya jukwaani. Mpe ukurasa mmoja ayaandike yeye: nani asimame wapi, nani ageuke, sauti ishuke lini. Kisha wewe na kaka yake mwigize alichoandika, neno kwa neno. Akisahau kumwambia mtu atoke, mtu huyo abaki palepale.

MamaWawili: Asanteni. Jumatatu naanza na wosia.