Røst ya Norwei ina watu wapatao 500 tu: imewezaje kubaki manispaa kamili?

Msomi wa Tawala za Mitaa aliuliza:

Ndugu zangu, naomba msaada wa wale waliosoma historia ya pwani ya Norwei. Katika mkoa wa Nordland, kwenye ncha ya mwisho ya visiwa vya Lofoten, kuna manispaa iitwayo Røst, yenye wakazi wapatao 500 na nchi kavu isiyozidi sana kilomita za mraba 10, iliyotawanyika katika mamia ya visiwa na miamba. Kisiwa kinachokaliwa, Røstlandet, ni tambarare kiasi kwamba sehemu yake ya juu kabisa ina mita 12 hivi tu kutoka usawa wa bahari. Mji wa Bodø, ulioko bara, uko umbali wa takribani kilomita 100 ng'ambo ya Vestfjorden. Nimeambiwa kwamba watu wamebaki huko kwa sababu ya uvuvi, lakini jibu hilo halinitoshelezi, kwa kuwa visiwa vingi vya wavuvi nchini humo vilihamwa katika karne ya 20. Ni nini hasa kilichowabakisha watu wa Røst, na kwa nini hawajaunganishwa na majirani zao?

Msomavitabu alijibu:

Ndugu muulizaji, una haki ya kutoridhika, kwa sababu samaki ni nusu tu ya jibu; nusu ya pili ni hewa. Kila mwaka, kati ya Januari na Aprili, samaki wakubwa weupe waitwao skrei huteremka kutoka Bahari ya Barents kuja kutaga mayai katika maji ya Lofoten, na Røst imekaa jirani kabisa na njia yao. Hata hivyo, sehemu nyingi za pwani hupata samaki, ila ni chache zinazopata hali ya hewa ya kuwakausha. Ingawa kisiwa kiko kaskazini ya Mzingo wa Aktiki, maji ya uvuguvugu yanayotoka Atlantiki huzuia baridi isizidi, hata wastani wa joto wa miezi ya baridi hukaa karibu na nyuzi sifuri au juu yake kidogo. Samaki hukatwa vichwa, hutolewa matumbo, hufungwa wawili wawili kwa mikia na kutundikwa kwenye chanja za miti kuanzia Februari hadi Mei, bila kutiwa chumvi hata punje. Jalidi ikiwa kali mno, minofu hupasuka na kuharibika; joto likizidi, nzi na uozo huwahi kabla ya upepo kumaliza kazi yake. Røst imo katikati ya hatari hizo mbili, na sioni bahati kubwa kuliko hiyo ambayo kisiwa kidogo kingeweza kuipata.

Ushahidi bora wa zamani tunao kwa sababu ya ajali. Mwaka 1431 nahodha Pietro Querini wa Venisi aliondoka Krete akiwa na mabaharia 68, akipeleka mvinyo na viungo Flandria. Dhoruba ilivunja usukani, upepo ukawasukuma kaskazini, na mwezi Desemba walilazimika kuiacha merikebu na kuingia katika mashua mbili. Ile ndogo ilipotea na wote waliokuwamo. Kubwa ilifika Januari 1432 kwenye kisiwa cha Sandøy, kisichokuwa na watu, na waliosalimika mwishowe walikuwa 11 tu. Wavuvi wa Røst waliwakuta, wakawachukua majumbani mwao na kuwatunza hadi mwezi Mei. Maelezo waliyoyaacha wageni hao yanagusa moyo: yanataja jamii ya watu wapatao 120, nyumba za mbao, ibada, kuaminiana kusikohitaji kufuli, na samaki waliokaushwa kwa upepo mpaka wakawa wagumu kama mti, wakapelekwa Bergen kubadilishwa kwa bidhaa nyingine. Nguzo ya kumbukumbu ilisimamishwa Sandøy mwaka 1932, miaka 500 baada ya tukio.

Wengi husema kwamba Querini ndiye aliyeanzisha biashara ya samaki mkavu, na hapo ni lazima tuwe waangalifu. Biashara hiyo ilikuwapo karne nyingi kabla yake, na wafanyabiashara wa Kijerumani wa Hansa walikuwa wameweka makao Bergen tangu karne ya 14. Alichotuachia ni picha ya watu walioizalisha bidhaa yenyewe, jambo ambalo vitabu vya hesabu vya Bergen havikutupa. Hadi leo Italia ndiyo mnunuzi mkuu wa samaki wa daraja la juu, vichwa vilivyokaushwa hupelekwa zaidi Nigeria, na jina la samaki mkavu wa Lofoten limelindwa kisheria katika Umoja wa Ulaya tangu 2014.

Mkaguzi Mstaafu alijibu:

Naongeza upande wa utawala. Serikali za mitaa za Norwei zilianzishwa kwa sheria za mwaka 1837, na wakati huo Røst ilikuwa sehemu ya manispaa moja na kisiwa jirani cha Værøy. Ilijitenga mwaka 1928. Tangu hapo yamepita mawimbi mawili makubwa ya kuunganisha manispaa, moja katika miaka ya 1960 na jingine lililokamilika 2020, ambapo idadi ya manispaa ilishuka kutoka 428 hadi 356. Mara zote mbili Røst na Værøy zilibaki kila moja peke yake, na ukitazama ramani utaona sababu: kuunganisha ofisi hakupunguzi bahari iliyo kati ya visiwa hivyo, wala mtoto wa shule au mzee anayehitaji huduma hawezi kuvushwa kila siku katika dhoruba za Januari.

Lipo jambo la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi. Nchini humo kila manispaa, iwe ya watu 500 au ya mamia ya maelfu, ina wajibu uleule wa msingi wa kuendesha shule za msingi, huduma za afya za karibu na matunzo ya wazee, na serikali kuu husawazisha mapato ili hata ndogo iweze kuutimiza. Linganisha na Grip, kisiwa kilichoko nje ya Kristiansund, ambacho nacho kilikuwa manispaa kamili. Kiliunganishwa na Kristiansund mwaka 1964, na wakazi wake wa kudumu wa mwisho waliondoka mwaka 1974. Siwezi kudai kwamba muungano peke yake uliwaondoa, kwa kuwa bandari yake ilikuwa duni na wengi walishaanza kuhama. Lakini mahali pasipo tena shule yake na baraza lake hupoteza sauti ya kudai kivuko au bandari. Røst ina kivuko, na tangu 1986 ina pia uwanja mdogo wa ndege.

Msomi wa Tawala za Mitaa:

Nawashukuru sana, hasa kwa mfano wa Grip. Nimesoma pia kwamba ndege wa baharini wa Røst wamepungua vibaya. Je, hiyo ni dalili kwamba samaki nao wanakwisha?

Mtunza Ndege alijibu:

Ndugu, ni samaki wengine. Mwishoni mwa miaka ya 1970 miamba ya Røst ilikuwa na zaidi ya jozi milioni moja za pafini, ndege wenye midomo ya rangi kali wanaotaga katika mashimo. Makinda yao hulishwa kwa wingi vichanga vya heringi, ambavyo mkondo wa pwani huvibeba kutoka kusini. Uvuvi wa kupindukia uliiangusha akiba ya heringi mwishoni mwa miaka ya 1960, na kwa misimu mingi makinda yakafa njaa mashimoni, hata pale heringi wakubwa walipoongezeka tena. Sasa imebaki sehemu ndogo tu ya ndege wale, na huzuni yake ni kubwa kwa yeyote anayewajali.

Skrei wana historia yao tofauti. Mgawo wao hupangwa kwa pamoja na Norwei na Urusi, na umepunguzwa mfululizo katika miaka ya karibuni, kwa hiyo wasiwasi wa wavuvi ni wa kweli. Magharibi ya kisiwa, katika kina cha mita 300 hadi 400, mwaka 2002 yaligunduliwa matumbawe ya maji baridi yenye urefu wa takribani kilomita 40, na mwaka uliofuata nyavu za kukokota chini zilipigwa marufuku katika eneo hilo.