Nitajuaje mbunge wetu anafanya nini Dodoma?

Kisima_Kikavu: Habari za jioni wakuu. Niko Tabora, jimbo silitaji nisije nikaanzisha vita. Kijiweni kwetu, chini ya mwembe, mzee muuza kahawa kasema mbunge wetu tangu aapishwe hajafungua mdomo bungeni, labda kupiga miayo. Kijana mmoja wa chama chake akaapa kwamba jamaa anachangia kila siku. Wamebishana mpaka kahawa ikapoa. Mimi nataka ushahidi, maana aliahidi kisima na maji bado tunafuata kwa baiskeli. Naanzia wapi?

Mtoto_wa_Reli: Ingia tovuti ya Bunge, tafuta Hansard. Yanayosemwa ukumbini yameandikwa humo, tena kwa Kiswahili, kikao kwa kikao. Tafuta jina lake. Ila mafaili ni marefu, usiende na bando la kuungaunga.

Mama_Tumbaku: Mwanangu, usihesabu tu mara alizosimama. Wapo wanaosimama wakashukuru weee, wakapongeza, kengele ikalia, "naunga mkono hoja", wakakaa. Na huo nao ni mchango! Wewe angalia maswali. Swali la msingi lina namba, na jibu la Serikali liko chini yake. Halafu ndipo anapoomba maswali mawili ya nyongeza, na hapo utajua kama jibu alilisikiliza au alikuja na karatasi yake tayari.

Wakili_Njaa: Msisahau kamati. Kazi nyingi inafanyika huko, na huwezi kuikuta kwenye Hansard ya ukumbini. Kwa hiyo kimya chake peke yake si ushahidi. Lakini Ibara ya 63 ya Katiba inampa nafasi ya kumuuliza waziri yeyote kuhusu mambo ya umma, hana kisingizio. Utoro nao una mwisho: akikosa mikutano mitatu mfululizo bila ruhusa ya Spika, Ibara ya 71 inamvua ubunge. Mikutano, siyo vikao. Ule wa bajeti tu, Aprili mpaka Juni, una vikao kibao.

Chai_Rangi: Si umpigie tu simu?

Kisima_Kikavu: Inaita mpaka inakata, ndugu yangu.

Kisima_Kikavu: Mrejesho. Nimekesha. Wote wawili wamekosea. Kachangia mara chache, lakini kisima aliuliza! "Je, ni lini Serikali itachimba kisima…" na kijiji chetu kimetajwa kwa jina. Naibu Waziri akajibu kitachimbwa mwaka wa fedha unaofuata. Mwaka huo umeshapita, na sijaona popote aliporudi kuuliza.

Mama_Tumbaku: Hapo ndipo pa kumshikia. Chapisha ukurasa huo, nenda nao akija kwenye mkutano wa hadhara. Nakala nyingine mpe diwani. Mbunge naye ni mjumbe wa baraza la madiwani, wasije wakatupiana mpira.

Kisima_Kikavu: Nimetoka steshenari sasa hivi, nimetoa nakala tatu. Ya tatu ni ya mzee wa kahawa, ila hana miwani, itabidi nimsomee.