Uvimbe wa neva kwenye ulimi, unaweza kugeuka kansa?

baba_neema: Habari wakuu. Wife ana kiuvimbe pembeni ya ulimi tangu mwaka juzi, kama punje ya harage hivi, hakiumi ila akitafuna anakiuma bahati mbaya. Wiki iliyopita kakatwa kinyama kikapelekwa maabara, jana majibu yametoka yameandikwa shwanoma, daktari kasema ni uvimbe wa neva sio kansa, kitolewe tu. Sasa mama mkwe tangu jana hali, analia tu, anasema kisu kikigusa ndo kansa inasambaa. Mwenye kujua anisaidie, hii kitu inageuka?

daktari_wa_meno: Pole mkuu, na shemeji mpe pole. Shwanoma inaota kwenye ganda la neva, na kwa mdomoni ulimi ndo sehemu inapopenda kuota, kugeuka kansa ni nadra mno. Ina kifuko chake kwa hiyo mara nyingi inatoka nzima na ikitoka nzima ni mara chache irudi. Kisu hakisambazi kitu hapo, mwambie mama ale.

Mzaramo77: Mi changu kilikuja baada ya kung'olewa jino la chini, neva ilijeruhiwa ikajifunga fundo, nikigusa pale napigwa shoti mpaka sikioni!! Kikatolewa, kikapimwa, sio kansa.

nesi_tanga: Naongezea, maana hapa ndo watu wanapitiwa. Kimoja peke yake kisikutishe, ila angalia mwili mzima. Akiwa na mabaka sita au zaidi rangi ya kahawa ya maziwa na vinundu vingi kwenye ngozi huo unaweza kuwa ugonjwa wa kurithi unaitwa NF1, kati ya watu 100 wenye nao kama 8 mpaka 13 hupata kansa ya neva maishani, hao wanatakiwa kufuatiliwa. Na mtoto mwenye vipele vingi ulimini na midomo minene yenye mabonge msimcheke jamani, vile vipele vyenyewe havigeuki lakini vinaweza kuwa dalili ya ugonjwa mwingine wa vinasaba unaitwa MEN2B, na huo unaleta kansa ya thairoidi, ile tezi ya mbele ya shingo, tena mapema sana. Mpelekeni hospitali kubwa haraka.

baba_neema: Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimemmulika na tochi ya simu, midomo iko safi, mgongoni baka moja tu la kuzaliwa. Mama mkwe nimempigia daktari waongee wenyewe, kanywa uji. Alhamisi tunaenda kukitoa.