Hifadhidata ya duka: kwa nini jedwali moja halitoshi?

kijana_wa_Ngamiani: Wakuu, habari za jioni. Nasoma shahada ya biashara, na somo la mifumo ya taarifa limenibana. Kazi: hifadhidata ya duka la vifaa vya ujenzi hapa Tanga. Nimeweka kila kitu kwenye jedwali moja la Excel: mteja, simu, bidhaa, bei, idadi. Mwalimu kairudisha. Shida nini?

fundi_data: Shida ni hilo jedwali moja. Mteja akibadili namba, utarekebisha kila mstari wa manunuzi yake. Ukiruka mmoja, tayari ana namba mbili. Gawa majedwali manne: Wateja, Bidhaa, Mauzo (mstari mmoja kwa kila risiti), Mauzo_Bidhaa. Hilo la nne wengi hulisahau. Risiti moja ina saruji na misumari, na saruji hiyohiyo iko kwenye risiti kibao. Humo weka namba ya risiti, namba ya bidhaa, idadi, na bei ya siku ile. Ukitegemea bei iliyo kwenye Bidhaa, saruji ikipanda leo, ripoti ya mwezi jana nayo inapanda!

bi_mahesabu: Safu ya simu iwe ya maandishi, si ya namba, mwanangu, la sivyo 0 ya mbele inaliwa. Na jina lisiwe ufunguo mkuu, yaani kitambulisho cha pekee cha kila mstari; akina Mwanaidi mji huu wamejaa.

kijana_wa_Ngamiani: Shukrani. Jumla ya risiti niihifadhi?

fundi_data: Usiihifadhi. Ikokotoe kwa SUM(Idadi * Bei), yaani zidisha idadi kwa bei kila mstari wa risiti, kisha jumlisha. Mteja akirudisha mfuko mmoja, jumla iliyoandikwa inabaki ileile ya zamani.