Mwanihana mwanzoni mwa Juni, siku tatu: tujipange vipi kutoka Dodoma?

Kizota_Juu: Habari wakuu. Tuko wawili, tunataka kupanda Mwanihana, hifadhi ya Udzungwa, wiki ya kwanza ya Juni. Tunalala huko mara mbili. Masika si yatakuwa yameisha? Tubebe nini?

Fimbo_Mbili: Masika huisha kwenye kalenda, si msituni. Mteremko ule unatazama mashariki, unapokea unyevu wa Bahari ya Hindi, na jua halipenyi miti. Mizizi inabaki na utelezi hata kama barabarani ni vumbi. Kwenda na kurudi ni kilomita 38 hivi, kilele kinapita mita 2,000, na mnaanzia Mang'ula ambako ni kama mita 300 tu. Kushuka ndiko kunakomaliza magoti, kwa hiyo siku ya tatu msikate tiketi ya kurudi jioni. Fimbo njooni nazo, hairuhusiwi kukata mti.

Askari mwenye silaha ni lazima, kuna tembo na nyati. Wasilianeni na ofisi ya hifadhi mapema. Hawapokei taslimu.

Mama_Spiriti: Kova la begi halitoshi, maji huteremkia upande wa mgongoni. Tandikeni mfuko mzito wa nailoni ndani ya begi, nguo za kulalia zikae chini kabisa, zisiguswe mpaka hema limesimama. Jinzi achaneni nazo, zikilowa hazikauki.

Mtungi wa gesi wa nyumbani ni mzigo bure. Jiko dogo la spiriti linatosha: nusu lita ya maji hula kama mililita 30, hivyo chupa ya nusu lita inawavusha wawili. Ila mchana mwali wake hauonekani. Usiongeze spiriti mpaka jiko lipoe kabisa, hapo ndipo watu huungua. Wali unakula moto mno. Bebeni tambi, unga wa uji, karanga na zabibu kavu za hapo kwenu.

Kizota_Juu: Asanteni. Na usafiri? Siafu je?

Fimbo_Mbili: Treni ya SGR mpaka Morogoro, bodaboda hadi stendi ya Msamvu, kisha basi la Ifakara linalopita Mikumi na Kidatu. Shukeni Mang'ula.

Siafu: chomekeni suruali ndani ya soksi, mkague ardhi kwa tochi kabla ya kusimamisha hema. Mkiona msafara, hamieni pengine. Zipu ifungwe hata mkitoka dakika moja.

Mama_Spiriti: Na viatu vipya mvivae wiki tatu kabla. Mlima Mlimwa upo hapo hapo, pandeni na begi lenye lita kumi za maji.