Nililipia tempa, nikafungiwa kioo cha dirisha balkoni ghorofa ya tano

Wadau, naandika nikiwa nimechemka, mnivumilie. Niko Kileleshwa, Nairobi, ghorofa ya tano. Reli za balkoni zilikuwa zimeliwa na kutu, nikaagiza vioo kutoka duka moja la Industrial Area. Tulikubaliana tempa (kioo kilichoimarishwa kwa joto) ya milimita 12, kingo zisuguliwe na kung'arishwa kiwandani, upande mmoja ufifishwe, usionyeshe ng'ambo. Yote yameandikwa kwenye invoisi.

Siku ya kufunga, kioo kimoja kikagoma kuingia kwenye chaneli, ule mfereji unaoshikilia kioo kwa chini. Fundi akatoa kisu cha kukatia vioo, akapiga mstari, akamega ukanda wa upana wa kidole, akaendelea na kazi. Jamani! Tempa haikatwi. Ile huchomwa hadi nyuzi joto 600 na zaidi kisha ikapulizwa hewa ghafla, uso wake ukabaki umebanwa na ndani kukabaki kumevutika. Ukiichokoza na kisu baada ya hapo inasambaratika yote. Kukata na kutoboa hufanywa kabla ya tanuri. Basi kile kilichomegwa mbele ya macho yangu ni kioo cha kawaida.

Nikampigia mwenye duka. "Kioo ni kioo, mama. Milimita 12 hata tembo hapiti."

Uongo mtupu! Tangu 1921, mhandisi Mwingereza Griffith alipochapisha utafiti wake, inajulikana kuwa kioo huvunjika kwa sababu ya nyufa ndogo mno za usoni na ukingoni, ambazo jicho halizioni. Unene hauzifuti. Viwango vya Ulaya huipa tempa nguvu ya 120 kwa kipimo cha niutoni kwa milimita mraba, kioo cha kawaida 45. Na kioo hicho cha kawaida kikipigwa mchanga ili kififie, kimojawapo cha viwango hivyo, EN 16612, kinataka 45 hiyo izidishwe kwa 0.6. Inabaki 27! Nililipia 120.

Tena wameupiga mchanga upande wa ndani. Kioo kimeshikwa chini tu, mtu akikiegemea kuelekea nje, uso unaovutika ni huo huo wa ndani, pale chini karibu na chaneli. Wamekidhoofisha mahali kinapohitaji nguvu kuliko kwingine kote.

Kingo ndizo zimenimaliza. Waliviegesha vioo juu ya saruji tupu, bila hata kipande cha mbao. Nimekwangua silikoni kwa wembe nikakuta mapengo ya umbo la nusu mwezi, mengine makubwa kama kucha, yamepakwa ili nisiyaone. Kwenye pengo moja ufa umeshaanza kupanda. Jua la alasiri linachoma katikati ya kioo, ukingo uliojificha kwenye chaneli unabaki baridi, kwa hiyo unavutwa. Na penye pengo ndipo panapoachia. Mvua nazo zinakuja, na unyevu huukuza ufa wa kioo kilicho kwenye mvuto.

Nina watoto wawili. Mlango wa balkoni nimeufunga kwa kufuli.

Sitaki punguzo wala "tutakurekebishia, mama". Nataka vioo vyote vitolewe na pesa yangu irudi. Na kama kuna mhandisi humu mwenye kifaa cha kupima mgandamizo wa uso wa kioo, aniandikie inbox. Nitalipia kazi hiyo, nataka ripoti yenye sahihi na muhuri kabla sijaenda kwa wakili.